Herufi ya Mwisho ya Festo

Siamini bado, na nimechoka hata kubishana na ukweli. Festo Silwimba, fundi wetu wa maandishi hapa Tunduma, ametutoka jana asubuhi. Presha. Alikuwa anavaa viatu aende kazini.

Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya malori pale Mpemba, basi umemsoma Festo. Yale majina ya nyuma ya malori, yenye A iliyotanua miguu kama mtu aliyechoka kusimama, ni mkono wake.

Alikuwa na mwiko mmoja. Herufi ya mwisho haiweki mpaka mwenye kazi aje, asimame pembeni, aone. "Jina ni lako, sasa mi namaliziaje haupo?"

Kuna siku foleni ilianza kusogea, honi nyuma zinapigwa, dereva Mzambia yuko tayari kwenye usukani. Festo akamwambia shuka kwanza. Na akashuka kweli! Akaitazama herufi moja ikiwekwa, akasema kwa Kibemba, "Natotela, mudala," yaani asante mzee, akaondoka anacheka.

Mimi nilimtania sana kwa hilo. Nina mashine ya kukata stika: client anatuma jina kwa simu, design dakika kumi, kazi imeisha. Nikimwambia, "Kaka, wewe utabaki kuandika milango ya vyoo." Anacheka tu, anaendelea kuosha brashi.

Niseme na hili, maana sikulisema akiwa hai. Kibao cha kanisani kwetu kilikuwa kazi yake miaka yote. Nikawaambia wazee wa kanisa mambo ya mkono yamepitwa na wakati, wakanipa mimi. Kiangazi kimoja tu, stika zangu zikabanduka zote.

Jumapili moja nikakuta kibao kimeandikwa upya kwa brashi. KARIBUN. Mzee wa kanisa akaniambia, "Festo kasema umemtuma wewe. Herufi ya mwisho anakusubiri wewe."

Alinifichia aibu, jamani. Na mimi sikwenda. Nilikuwa napita pale nikiinamia simu. Mpaka leo kibao kinasomeka hivyohivyo, watu wanacheka, na yeye hakuwahi kunidai neno.

Leo mchana mke wake amenipa msalaba wa mbao na kopo la brashi zake. "Shemeji, naomba usimwandikie kwa mashine." Nikasema sawa, shemeji.

Mkono wangu umelegea kwa kubonyeza tu. Nimefuta mara tatu, nimepiga mistari ya chaki upya kama alivyonifundisha zamani. Nimefika SILWIMB, nikaweka brashi chini, nikalia pale uani mbele ya watu.

Festo, A yako sijaiweka. Kesho tunakupeleka nyumbani, kijijini kwenu Ruanda, hapahapa mkoani, na kabla hawajakufukia nitaiweka ukiwa hapo pembeni. Nitaitanua miguu. Ikipinda, nisamehe.

Na Jumapili nitapanda ngazi kanisani, watu wakiwa wanatoka ibadani, niweke ile I uliyonisubiria. Nitawaambia kibao ni cha nani. Nimechelewa, kaka, lakini nitakuja.

Lala salama, fundi. Brashi zako nimeziosha.