Nili-overclock prosesa nikiwa Bugarama, jirani yangu ni karasha: nilivyopoteza nafasi ya kazi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe wiki iliyopita, na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie lugha.

Nimesoma jiolojia. Niko mtaani tangu nimalize chuo, nimepanga chumba Bugarama kwa Mama Kulwa. Ukuta wa nyuma tunapakana na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Kampuni moja ikanitumia data za uchorongaji: tengeneza modeli ya 3D ya mwamba, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Ukifaulu unaitwa kwenye usaili. Ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri tangu nimalize chuo.

Desktop yangu ni used. Modeli ile ingechukua saa sita na nusu, na program haihifadhi katikati. Kompyuta ikizima unaanza upya. Usiku usiseme, wiki hiyo umeme ulikuwa unakatika jioni na kurudi alfajiri.

Nikaona nijiongeze. Jumapili nikaibeba hadi kwa fundi Kahama. Akaingia BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya kompyuta, spidi ya prosesa ikatoka 3.6GHz hadi 4.5; ndiyo overclock yenyewe. Akai-test palepale, ikapita.

"Mzee, hiyo sasa ni ndege. Ndani ya saa tano tu umemaliza."

Jumatatu nikawasha saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne na dakika chache, paap. Imezima, imejiwasha yenyewe.

Nikampigia fundi. "Hiyo ni RAM." Nikapima RAM, nzima.

Jumanne, saa nne, paap. "Basi ni Windows." Nikapiga Windows upya, nikapoteza siku.

Jumatano nikabadilisha paste ya prosesa, nikafungua kava, nikaweka feni ya mezani ipulize ndani. Joto lilikuwa la kawaida kabisa. Saa nne, paap!

Nikaja humuhumu jukwaani kuomba msaada. Mkaniambia niongeze voltage ya prosesa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza umeme wa ninapoishi ukoje. Nikaongeza. Alhamisi ikazima saa tatu na dakika hamsini.

Mimi ni mtu wa kuhoji kila kitu. Mchungaji nimemhoji, walimu nimewahoji, hata mganga wa jirani anayewauzia wachimbaji dawa ya kuita dhahabu nimemhoji mbele za watu. Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Alhamisi hiyohiyo Mama Kulwa akanikuta nimekaa kizingitini, nimeinamisha kichwa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Mwanangu, hilo dubwana lako linagombana na karasha. Wakiliwasha tu, hata friji yangu inaguna."

Nikamjibu kisomi. Kwamba mama, prosesa ina clock yake, haihusiani na mawe ya watu. Akaniangalia. "Haya, msomi," akaingia ndani.

Ijumaa asubuhi nikiwa sina jipya la kujaribu, nikaiwasha modeli tena, nikachomeka multimeter, kile kipimo cha umeme, kwenye soketi. Saa tatu: volti 226. Saa nne karasha likawaka: 161. Hapohapo, paap.

Yaani power supply yangu ya bei rahisi ilikuwa inavumilia umeme ukishuka, mradi prosesa inakula umeme kidogo. Fundi kaufanya ulaji huo uwe mara mbili, na mimi nikaongeza tena kwa ushauri wenu.

Nikatoka mbio hadi karasha. Mwendeshaji anaitwa Masele. Nikamwomba azime hadi saa kumi, siku moja tu.

Akacheka. "Bosi wa kompyuta, unamwona yule?"

Pembeni alikaa mchimbaji juu ya viroba vyake, macho hayabanduki kwenye mashine. Huku ndivyo ilivyo, mwenye mawe hasinzii wala hali hadi mawe yake yaishe kusagwa.

"Nikizima mawe yakiwa tumboni, atasema nimemwibia. Utanitetea wewe?"

Yule jamaa hakuinuka hata. "Zima uone."

Nikarudi. Nikaingia BIOS, nikafuta kila kitu alichoweka fundi na nilichoongeza mimi, 3.6 ileile ya kiwandani. Nikaanza saa nne na nusu. Karasha linanguruma, ukuta unatetemeka, kompyuta imetulia tuli.

Saa kumi ikafika modeli bado. Ikaisha saa kumi na moja jioni, safi, haina kosa. Ukurasa wa kutuma ulikuwa umeshafungwa. Nikawaandikia barua pepe, hawajajibu.

Piga hesabu. Ningeiacha kama ilivyokuwa, Jumatatu mchana ningekuwa nimemaliza.

Jana nikapigiwa na dada mmoja tuliyesoma naye, yuko kwao Samuye. Naye alitumiwa data zilezile, kaitwa usaili. Laptop yake nzee, anasema aliiwasha akaenda kuswaga ng'ombe, karudi imemaliza. Kwa nia njema kabisa akaniuliza, "Kwani yako ina spidi gani?" Nikakata simu. Nitamwomba radhi, ila siyo leo.

Nilichojifunza: kabla hujagusa BIOS, pima soketi. Na mtu anayeishi na ule umeme miaka yote anajua kitu ambacho fundi wa Kahama hakijui, hata kama hajui GHz ni mnyama gani.

Mama Kulwa nimeshamwangukia. Kasema tu, "Haya, msomi."

Wenye uzoefu wa stabilizer karibu na karasha, karibuni mtoe maoni. Atakayeniandikia "ongeza voltage" nitamjibu vibaya.