Pumzi Iliyoingia Kwenye Santuri

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mimi nilikuwa mpiga chupa. Msicheke. Chupa tupu ya soda, msumari na mkono usiochoka: kaka yangu na gita lake hawakuhitaji ngoma nyingine. Tulikuwa tumepiga arusi nyingi kule Dundori, lakini kwa Baba hiyo haikuwa kazi. Alimwambia kaka arekodi santuri moja; isipompendeza, gita litundikwe ukutani, naye abaki shambani kwa viazi.

Basi tukateremka Nakuru, kwa mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya duka lake la redio. Mtu nadhifu, mpaka nyaya zake zilikuwa zimepangwa. Akamweka kaka upande mmoja, mimi upande mwingine, na katikati akasimamisha godoro ili chupa isimeze sauti.

Tukaharibu. Wimbo ulikuwa na mahali pa kuchangamka, pale gita linapoongeza mwendo, na kila tukifika hapo mimi nachelewa au natangulia. Mfanyabiashara akaniambia nihesabu moja mpaka nne. Nikahesabu. Tukasikika kama watoto wa shule kwenye gwaride. Kaka akachungulia pembeni ya godoro, uso umemshuka. Nilimwonea huruma, kisha nikapandwa na hasira, na mimi nikikasirika sinyamazi.

"Toa hii godoro," nikasema. "Simsikii akivuta pumzi."

"Nikitoa, hiyo pumzi itaingia kwa rekodi, dada."

"Wacha iingie!"

Akaguna, akalitoa. Tukapiga tena. Kaka akavuta pumzi, nami nikaingia pamoja naye bila kufikiri.

Santuri ilipotoka, Baba aliisikiliza kwa gramafoni ya jirani, kofia magotini. Pale pa kuchangamka pumzi ilisikika wazi kabisa. Kaka akainamisha kichwa kwa aibu. Baba akaomba irudiwe.

"Hapo," akasema, "ni nyinyi wawili mnainua gunia."

Kweli. Tangu utotoni tulipakia viazi pamoja kwenye mkokoteni, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Kaka akivuta pumzi tu, gunia liko juu.

Wimbo wenyewe Baba hakuusifu. Asubuhi iliyofuata alitoka mapema, akarudi na kibarua wa kubeba magunia. Nikaenda kumwamsha kaka, Baba akanizuia mlangoni.

"Mwache alale," akasema. "Huyo ana kazi yake."