Uyoga na Bibi Unamtafuta Nani

Mok Siu-kuen hakuwa mtu wa kuchekewachekewa. Mtu asiyemjua akimchekea, swali lake la kwanza lilikuwa: huyu anataka nini kwangu? Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya kuwapaka wanasesere macho katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Kwun Tong, na Ijumaa moja msimamizi akapita mezani akiwagawia wafanyakazi mikate mitamu, anawaambia kazi inakwenda vizuri, oda zimejaa. Jumatatu walipokuja wakakuta kufuli jipya mlangoni, na mashine zote zimeshavushwa ng'ambo ya mpaka, kwa vibarua wa bei ya chini. Wenzake walilia. Kuen yeye hakulia. Alisimama pale akiufikiria ule mkate, na tabasamu la mtu aliyekuwa akiugawa.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na kitu, mlinzi wa zamu ya mchana katika jengo moja la mtaa uleule. Zamani lilikuwa la viwanda. Siku hizi lilikatwakatwa vyumba vya kupangisha, huku mchoraji, kule mpiga gitaa, juu mtu wa kuoka keki. Kuen alikaa nyuma ya kaunta ya mbao iliyomfika mgeni kifuani, na kila aliyeingia alipata salamu moja: "Unamtafuta nani?" Hakubagua. Mwenye jengo mwenyewe aliwahi kuulizwa, akajieleza, akaruhusiwa kupita.

Mwezi wa nne, asubuhi, waliingia wasichana wawili wenye mifuko ya kitambaa. Kuen akawauliza swali lake. Badala ya kujibu walishikana mikono.

"Amesema," mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Umesikia? Amesema vilevile."

Yule wa pili akatoa simu, akampiga picha, wakatoka zao mbio bila kupanda hata ghorofa moja.

Kuen hakupenda. Kulikuwa na maneno mjini kwamba majengo mengine yameacha kuajiri walinzi, yameweka lango la kufunguliwa kwa kadi. Mlinzi anayepigwa picha akiwa amekunja uso, aliwaza, ni mlinzi anayetafutiwa sababu ya kufukuzwa. Siku iliyofuata akaja kijana mwenye kofia, akapiga picha. Halafu mtu na mkewe. Ilipofika Ijumaa alimwita Mama Pang, mfagiaji wa jengo, aliyekuwa akipiga deki karibu na lifti ya mizigo.

"Mama Pang, hebu njoo. Nina nini mimi?"

"Una nini wapi?"

"Watu wananipiga picha."

Mama Pang akaegemea fimbo ya deki. "Kwani hujui? Mimi nilidhani unajua, ukaamua kuringa."

Akatoa simu yake, akaifuta kwa aproni, akamwonyesha.

Ghorofa ya tisa palikuwa na karakana ya binti mmoja, Fong Lok-yan, aliyetengeneza wanasesere wa plastiki ambao si wa watoto. Watu wazima waliwanunua, wakawapanga kabatini, wengine hawakuwatoa hata kwenye maboksi. Mara moja kwa mwaka Lok-yan aliwaachia mashabiki wachore wenyewe. Mtu alituma mchoro wake kwa jina la bandia, mashabiki wakapiga kura kwa simu, na mchoro ulioshinda ukafinyangwa, wakatolewa wanasesere mia tatu tu, kisha kalibu ikavunjwa mbele ya watu ili asije akatokea wa mia tatu na moja.

Mwaka huo michoro miwili ilikuwa imeiacha mingine mbali. Mmoja ulikuwa wa uyoga mchanga mwenye machozi mashavuni. Wa pili ulikuwa wa mwanamke mlinzi, mfupi, mnene kama birika, uso wa paka aliyeamshwa usingizini, funguo kiunoni kubwa kuliko kichwa chake. Mguu mmoja ulikuwa nje ya kiatu, umepumzika juu ya taulo lililokunjwa. Chini yake paliandikwa jina: Bibi Unamtafuta Nani.

Kuen aliutazama mchoro ule mpaka simu ikajizima mkononi.

"Umependeza," Mama Pang akasema.

"Nani kanichora?"

"Nitajuaje? Majina yanafichwa mpaka kura ziishe."

"Na wewe umenipigia?"

"Bado," Mama Pang akasema, naye akaanza tena kupiga deki kwa bidii asiyokuwa nayo mwanzo. Kuen akalitia hilo akilini.

Mchana alipanda ghorofa ya tisa. Lok-yan alimkuta mlangoni, mikono imejaa vumbi jeupe la msasa, naye alipoelewa kilichomleta alishika mdomo.

"Shangazi Kuen, samahani. Mimi nilidhani aliyeutuma ni mtu wako, kwamba umekubali. Nikiuondoa leo hii utaridhika?"

"Nani kautuma?"

"Sijui, shangazi. Kweli. Napata jina la bandia tu. Niuondoe?"

Binti alikuwa mwepesi mno wa kuuondoa. Kuen akafikiri: ukiondolewa, aliyenichora atajifukia kama kaa, nami nitakaa pale chini maisha yangu yote nikitazamana na adui nisiyemjua. Samaki mwache bwawani, uone nani anakuja kumlisha.

"Uache," akasema.

"Kumbe umeupenda?"

"Nimesema uache. Sijasema nimeupenda."

Tangu siku hiyo Kuen alifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuwachunguza watu. Alimchunguza Mama Pang, aliyekuwa akicheka peke yake akitazama simu. Alimchunguza mwoka keki wa ghorofa ya tano, ambaye Kuen aliwahi kumnyima njia lifti ilipoharibika na huenda alikuwa na kinyongo. Kazi ya pili ilikuwa kuhakikisha Bibi Unamtafuta Nani hashindi. Waleta vifurushi wa mtaa mzima walipita kaunta yake, na hakuna aliyepita bure.

"Umepiga kura?" alimwuliza kila mmoja.

"Kura ya nini, shangazi?"

"Ya uyoga. Toa simu. Bonyeza hapo. Haya, pita."

Mmoja alijaribu kubisha kwamba anachelewa, na akachelewa zaidi. Mama Pang naye alishikwa mkono, kidole chake kikapelekwa mpaka kwenye uyoga. Kura za uyoga zikaanza kupanda. Hata hivyo zile za Bibi Unamtafuta Nani nazo zilipanda, na wageni wa kupiga picha walizidi.

Jambo moja lilimkosesha raha kuliko yote, nalo lilimjia alipokuwa akinywa chai yake ya maziwa. Ule mguu. Ni kweli alikuwa akivua kiatu cha kulia kwa sababu ya kidole kilichovimba, akauweka mguu juu ya taulo. Lakini aliyesimama mbele ya kaunta hakuweza kuuona. Mama Pang hafagii nyuma ya kaunta, Kuen hamruhusu. Ili mtu auone mguu ule ni lazima azunguke, apite upande wake, akae kwenye kiti chake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Tso Bing-nam, mlinzi wa usiku, aliyempokea zamu saa moja ya jioni na kumwachia saa moja ya asubuhi. Alikuwa mwanamume mrefu wa mabega yaliyoinama, asiyesema ila kilichomlazimu. Kwa miaka waliyopokezana kiti, Kuen hakuwahi kumwamini. Mtu mkimya vile, aliwaza, ni mtu anayekusanya siri za wenzake.

Jioni hiyo Tso alipofika, Kuen hakuinuka kitini.

"Mzee Tso, unajua kuchora?"

"Sijui."

"Nani kanichora?"

Tso akatua begi lake polepole. "Mke wangu."

Kuen hakutegemea kujibiwa haraka hivyo, na hilo nalo likamtia shaka. "Mke yupi? Sijawahi kumwona."

"Hashuki. Tunakaa ghorofa ya saba, lifti hakuna, magoti yake yamegoma. Nikirudi asubuhi ananiuliza, haya, dunia inasemaje? Mimi nina la kumwambia? Usiku hapa hapiti mtu. Basi namwambia habari zako."

"Habari zangu zipi?"

"Unavyokaa. Unavyowauliza watu. Unavyozihesabu biskuti zako."

"Umejuaje nazihesabu?"

"Paketi ina alama za kalamu, Dada Kuen."

Alikwenda nyumbani hajaamini hata nusu. Mke asiyeonekana, anayechora mtu asiyemwona: hadithi ya aina hiyo hata mtoto angeihoji. Tena mwanamume gani anakaa akimsimulia mkewe mguu wa mwanamke mwingine? Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akapata anwani kwa Mama Pang, ambaye alijua anwani za watu wote, akaenda mtaa wa To Kwa Wan, akazipanda ngazi zile huku akisimama kila ghorofa kushika kiuno. Ghorofa ya saba akagonga.

Mlango wa mbao ukafunguka kidogo nyuma ya geti la chuma. "Unamtafuta nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Kuen akahema kwanza. "Mke wa Tso Bing-nam."

"Wewe nani?"

"Mok Siu-kuen."

Kisha jicho likaja kwenye nafasi, likamshuka kutoka nywele hadi viatu na kumpanda tena.

"Mbona mfupi hivi," sauti ikasema, na geti likafunguliwa.

Lai Yuet-ngor alikuwa mwanamke mpana mwenye nywele zilizokatwa kama za mvulana, anatembea kwa kushika meza, kiti, kabati. Zamani alichora maua ya kudarizi kwa ajili ya duka la nguo za harusi. Mumewe alikuwa amelala chumba cha ndani. Ukutani, juu ya meza ya kulia, palikuwa na karatasi zimebandikwa, na zote zilikuwa Kuen: Kuen amelala na jicho moja wazi, Kuen anaifunga paketi ya biskuti kwa uzi, Kuen amemshika mleta pizza kwa kola.

"Sikumkamata kola," Kuen akasema.

"Yeye alisema ulimkamata."

"Nilimshika mkono."

Yuet-ngor akaketi kwa kishindo. "Sikiliza, maana umepanda ngazi zote hizo. Mume wangu hasemi maneno kumi kwa siku, na saba kati yake ni Kuen. Kila asubuhi, Kuen kafanya hivi, Kuen kasema vile. Ungekuwa wewe ungefikirije?"

"Ningefikiri vilevile unavyofikiri."

"Nikamwambia nieleze. Pua ikoje, anakaaje, miguu anaiweka wapi. Nikajua akinidanganya, mchoro utamwumbua. Nikaona kumbe mtu mwenyewe si mrembo, lakini moyo haukutulia. Nikakuchora mbaya kadiri ya uwezo wangu. Halafu akaniambia kuna tangazo kwenye lifti yenu, la mashindano. Nikatuma, ili watu wakucheke."

"Wamenicheka."

"Wapi. Wamekupenda." Yuet-ngor alilisema hilo kama mtu anayelalamikia bei ya samaki. "Nimesoma wanayoandika. Wanasema unawakumbusha mama zao."

Alimimina supu ya figili na mifupa kwenye mabakuli mawili. Kuen akalishika lake bila kunywa. Yuet-ngor akamtazama, akanywa funda kubwa kutoka bakuli lake, akaliweka mezani. Ndipo Kuen naye akanywa. Ilikuwa supu nzuri. Alisema imepungua chumvi.

Kwenye ngazi, wakati wa kushuka, alihisi kitu asichokijua vizuri. Hakuwa na hasira. Mwanamke yule alikuwa amemwonea wivu, akamvizia kwa macho ya mumewe, akamtukana kwa penseli, na Kuen hakuweza kumlaumu kwa hata moja. Katika watu wote aliokutana nao miaka hiyo, huyo ndiye aliyekuwa ameangalia vizuri. Akatoa simu. Uyoga ulikuwa mbele, na kura zinafungwa jioni hiyo.

Alimpigia Mama Pang. "Badilisha kura yako."

"Haibadilishwi. Kila mtu moja tu. Si wewe uliyenishika kidole?"

"Waambie jamaa zako."

"Jamaa zangu wote uliwaambia wewe, Dada Kuen. Tena kwa ukali."

Jumatatu matokeo yalibandikwa ndani ya lifti. Uyoga ulishinda kwa kura chache. Kuen akaliacha lindo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda ghorofa ya tisa.

"Hesabu tena," akamwambia Lok-yan.

"Nimeshahesabu, shangazi."

"Uyoga unaolia hauwezi kupata kura zote hizo. Kuna mtu kazichezea."

Lok-yan akamtazama kwa muda. "Shangazi, waleta vifurushi wa Kwun Tong nzima wamepigia uyoga. Nilipowauliza sababu, wakasema bila hivyo hawaingii jengoni."

Kuen aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, alikunja uso zaidi. Lok-yan akavuta kiti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mchoro ule hata hivyo angependa kuutoa, nje ya mashindano, kwa makubaliano na aliyeuchora. Alikuwa amekwishaandaa mkataba. Akatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililoharibu. Kuen aliuchukua mkataba, Jumapili akaupandisha To Kwa Wan, na wanawake wawili wakausoma kwa miwani moja, wakipokezana. Waliona neno "milele" mahali fulani, hawakulipenda. Yuet-ngor akauliza kwa nini mtu atengeneze kitu kilichoshindwa kama hana lake jambo. Kuen akasema hilo ndilo alilojiuliza yeye tangu siku ya kwanza. Waliurudisha bila sahihi, wakataka uandikwe upya. Lok-yan akauandika upya. Wakaurudisha tena. Binti yule alikuwa na subira, au alikuwa na lake jambo, bado wanalichunguza.

Kuen sasa hupanda ngazi zile kila Jumapili, na Tso siku hizo huamka mapema akae nao. Juzi Yuet-ngor alimwuliza mgeni wake, huku akichonga penseli, kama ni kweli mumewe hufika kazini saa moja kamili kama anavyodai. Kuen akafikiri, akasema huwa anachelewa kidogo. Tso alikuwa akimenya chungwa. Akaendelea kumenya.