Nilimuita Mwizi wa Unité Mbele ya Famille Yote

Admin, jina yangu uifiche muzuri sana, juu bantu ba Kasumbalesa bakijua ni mimi, camions zitasimama mpaka ndani ya Zambia. Niko na miaka makumi tano na mbili, niko mukubwa mu famille yetu, na niko déclarant ku mupaka, mwenye kuandikishaka mizigo ku forodha. Sisemi kwa kujisifu, lakini hakuna unga, hakuna mafuta, ata kifungo ya shati haiingie Lubumbashi bila mimi kusema ndiyo. Kuko siku mulongo ya camions ilitoka ku barrière ikafika mpaka Karavia. Nikapiga simu moja tu, na mbele simu ikatike, barrière ilishafunguka. Muulize muntu yeyote.

Kazi yetu iko ya simu. Patron wa camion anatuma message kwa sisi bote pamoja: uko? Mwenye anajibu OUI, ni kusema ndiyo, wa kwanza, njo anapata camion. Ukichelewa kidogo, mwenzako amekula. Vidole yangu inajua OUI kupita inavyojua jina yangu. Message ikilia tu, nimeshajibu.

Bibi yangu wa ndoa alikufaka, sasa ni miaka tatu. Mudogo wangu, tumuite Félicité, naye mujane, akatoka Pweto na bitunga yake ya samaki mukavu, akakuja kukaa na mimi. Kwetu courant inakosekanaka. Basi kila asubui anachukuaka simu yangu, anapeleka kuchaji kwa jirani mwenye groupe ya kutosha umeme, anarudisha imejaa. "Yaya, ulilala muzuri?" Njo maneno yake ya kwanza kila siku. Mi sikukuwa namujibu. Nilikuwa mukubwa sana kwa kujibu.

Kisha unité yangu ya kupigia simu ikaanza kupotea. Naweka asubui, mbele nimalize chai iko zero. Na ma message! Mpira, nyota, maombi, mapenzi, simu inalia sawa kuku yenye kutaka kutaga. Kifaransa yao iko murefu, na mi shule niliachaka ku ya tano primaire. Haikuwa juu ya akili, mwalimu mwenyewe alisema hana tena kitu ya kunifundisha. Naona tu "cher client privilégié", mteja wa heshima, nawaza: hii kampuni ya simu inajua iko na nani.

Siku moja patron mwenye camions kumi na mbili akanibip, maana yake nimupigie. Sikukuwa na unité ata ya kusema alo. Mbele nipate ingine, camions zote zilishaenda kwa mwenzangu mumoja mwenye hajue ata kufunga kamba ya kiatu.

Nikarudi ku nyumba na moto mu kifua. Nani anashikaka simu yangu? Félicité peke yake. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nikaita famille yote: baba mudogo, bandugu, na babibi zao. Nikasimama sawa procureur mu tribunal.

"Unakula bukari yangu, sasa unakula na unité yangu? Unapigiaka bwana gani kule Pweto?"

"Yaya, mi simu naipelekaka kuchaji tu."

"Na samaki yako inauzikaka namna gani? Haiko na simu yangu?"

"Yaya, unajua muzuri mi sijue kusoma. Ningemutumia nani message?"

Bibi mumoja akacheka. Baba mudogo akaangalia chini. Nikamuita mwizi, mbele yao bote. Hakulia. Kesho yake asubui sana alipanda camion ya Pweto. Simu yangu niliikuta ku meza, imejaa chaji.

Na unité ikaendelea kupotea.

Nikaenda ku agence ya simu, kusudi nifunge ile kampuni yote. Nikapiga meza: "Munajua mi ni nani?" Dada wa guichet akasema, "Tutaona, papa." Akabonyeza. "Papa, muko mu service ine. Mpira, nyota, maombi, na conseils d'amour, mashauri ya mapenzi."

"Nani alinitia mule?"

"Ni ninyi mwenyewe, papa. Walituma message ya kuuliza, mukajibu OUI. Muangalie hapa: OUI, OUI, OUI, OUI."

Mutu mumoja nyuma yangu akapiga kelele: "Conseils d'amour! Vieux, félicitations!" Mulongo yote ikacheka. Bei, banaiandika kule chini kabisa, maandishi sawa mayai ya chawa. Banatutega sawa panya, kisha banatuita client wa heshima. Ile uchungu haijatoka mu mimi mpaka leo.

Sasa, kwetu, neno yenye ilisemwa mbele ya famille inaondoshwa mbele ya famille ile ile, na kuku mweupe mu mukono. Kuomba pembeni pembeni haihesabiwe. Félicité namupigia kwa namba ya jirani yake wa Pweto, anakataa kushika. Baba mudogo ananiambia, "Lete kuku, ita bantu, sema." Nisimame mbele ya babibi ba bandugu yangu, nikubali kama mukubwa wa mupaka alijiibia yeye mwenyewe? Nyuma ya pale, nani ataniita tena kusema mu mambo ya mahari? Lakini nyumba iko kimya, na bukari yenye napika mwenyewe inaungua. Bandugu yangu bote munaosoma, mi mwenye nashauriaka bengine, leo ninyi munishauri: nifanye nini ili mudogo wangu arudi?

Na kitu ingine, Admin, ukitaka uikate. Dada wa guichet alinionyesha namna ya kutoka mu zile service. Nilitoka mu mpira, mu nyota, na mu maombi. Ya mapenzi bado. Kila asubui inaniandikia "Bonjour, mon cœur", inaniuliza kama nililala muzuri. Na mi najibu OUI.