Sauti ya Baba wa Bibi Harusi

Nilipokuwa napiga video za sherehe pale Mabatini, dharau zilinijaa. Wenzangu waliiachia kamera ipime sauti yenyewe. Mimi nilichomeka maiki ya pembeni, ile ya kubana kwenye koti, nikapanga kiwango cha sauti mwenyewe kwa mkono, uso nimeukunja kama daktari bingwa.

Kwenye sendoff moja, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nilimwomba baba wa bibi harusi aijaribu maiki. Mzee akapayuka, "Haloo! Moja, mbili!" kama anayemwita mtu ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga. Taa nyekundu ya kamera ikawaka, kuonya kwamba sauti imezidi. Nikateremsha sauti mpaka ikabaki kijani, nikajipongeza.

Ulipofika wakati wa kumuusia binti yake, mzee alitokwa na machozi, akaongea kwa sauti ya chini sana. Waliokaa karibu wakalia naye. Mimi nikawa nazunguka na kamera, hedifoni zimening'inia shingoni, maana zilinipendeza.

Nilipompelekea video tukaitazama, midomo ya mzee ilicheza tu, kimya.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Maiki ilisumbua."

"Marahaba, kijana. Na yale madude uliyovaa shingoni, huwa hayafiki masikioni?"