Mikoba Isiyo na Jina

Mbunifu wa mitindo alikuja kwetu Mji Mkongwe na sanduku la magurudumu, na magurudumu yakamgomea vichochoroni Mkunazini. Alifika kwenye kiduka changu cha ushoni jasho linamtiririka, sanduku kalitwika kichwani kama mtu anayehama, anajicheka mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayejua kujicheka huwa namsamehe mengi, na yeye baadaye alihitaji kusamehewa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Dawa za kupunguza makali ndiyo kwanza zinaanza kusikika Unguja, na watu walikuwa bado wanayataja maradhi yale kwa kuyapa mgongo: "mambo ya siku hizi", "maradhi hayo". Kaka yangu alikufa kabla ya hapo, na nyumbani kwetu tukaambiana ni kifua. Kila mwenye macho alijua si kifua. Tulisoma hitma, tukakunja majamvi, na kifua kikabaki kifua. Hasira yangu sikuwa na pa kuiweka mpaka nilipoambiwa kuna jumuiya ndogo inataka kutengeneza mikoba, iuzwe, fedha ziwasaidie wagonjwa, na kwamba wanatafuta fundi wa cherehani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa Matemwe na Mkokotoni wanasuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka au mkoba. Mbunifu, aliyetoka Dar es Salaam na ambaye nguo zake zimeshaonekana nchi za watu, anachora umbo na kuchagua rangi. Mimi natia bitana ya khanga, mikanda na zipu. Katika wasukaji walikuwamo wenye virusi vya ukimwi, nao wakapewa mikoba yao maalumu, na lebo ya kila mkoba ingesema wazi kwamba aliyeusuka anaishi na virusi.

"Hakuna jina wala picha," mbunifu alituambia. "Siri ya mtu iko salama."

Sote tuliitikia, tukaendelea kunywa chai.

Mmoja wa wasukaji hao wenye virusi alikuwa mjane wa Matemwe, mumewe alikuwa seremala. Alinieleza habari zake siku moja amekaa chini, pembeni ya cherehani yangu, anachana ukindu bila ya kunitazama. Hakubahatika mtoto, na wazee wake walishatangulia. Alibaki nyumbani kwa mavyaa wake, mama wa marehemu, bibi aliyepofuka na ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka hata hawezi tena kujilisha. Mjane ndiye aliyemlisha, tonge kwa tonge.

"Akijua, hatokula mkononi mwangu," aliniambia. "Na mimi nna nani mwengine?"

Nilimwambia virusi haviambukizi kwa tonge la wali.

"Mimi nnajua, na wewe unajua. Lakini anayekula ni yeye."

Nikarudi kwenye cherehani yangu, nimeudhika.

Mkoba wa kwanza ulitoka mzuri. Mbunifu alitaka kila mkoba uwe wa msukaji mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ili ukili ulingane. Nikautundika msumarini dukani, nikawa nautazama na kujisifu kimoyomoyo. Mama yangu mdogo, anayekaa Mkokotoni, alikuja mjini kwa shughuli zake akapita kunisalimu. Hata buibui hajavua, akauona.

"Ukili wa mke wa marehemu seremala wa Matemwe, huo," alisema. "Hajambo yeye?"

Nilimuuliza kajuaje. Alinikodolea macho kama niliyemuuliza amejuaje kuwa mimi ni mtoto wa dadake.

"Huoni anavyoukaza ukingo? Mkono wake huo, mwanangu. Mjini mnaishi kama vipofu."

Niliutungua mkoba ule msumarini. Ukili una mkono. Wanawake wa shamba wanasuka pamoja barazani tangu utoto wao. Huyu anakaza, yule analegeza, mwengine haachi kuingiza uzi wa zambarau hata umkataze. Wanajuana kwa ukili kama watu wanavyojuana kwa sauti. Maonyesho yalikuwa yafanyike mjini, na wanawake wa vijiji vyote walikuwa wamealikwa. Tungetundika lebo ile juu ya mkono wa mjane mbele ya jirani zake, na sisi tukijisifu kwamba hatukumtaja jina. Ingekuwa sawasawa na kumpigia mbiu ya mgambo. Nilipomuuliza mjane kwa nini hakutuambia, alisema alidhani mikoba yote inapanda ndege kwenda Ulaya, na Ulaya nani atamjua?

Nilimkabili mbunifu kwa sauti ambayo jirani zangu waliisikia mpaka msikitini. Hakujitetea. Alikaa kwenye ngazi, akauweka mkoba mapajani, akawa anapitisha kidole ukingoni. Halafu akauliza, "Na kama mkoba mmoja utasukwa na wengi?"

Tulikwenda Mkokotoni kuzungumza na wasukaji wote, wenye virusi na wasio navyo, bila ya kumtaja mtu. Tukapendekeza kila mkoba uwe na vipande vya mikono mingi, na lebo iseme umesukwa na wanawake wa Unguja, wenye virusi na wasio navyo, pamoja. Mwanamke mmoja, mzima wa afya, akasema waziwazi walichokuwa wakikifikiri wenzake.

"Yaani na mimi nisemwe nnao?"

Sikumlaumu. Anayesema uongo ni yule atakayedai kwamba hakuogopa. Hata mimi niliyekuwa nikishona bitana tu, mpangaji mwenzangu alishaanza kuninyima kikombe chake.

Aliyemjibu ni Bi Mkubwa wa kikundi, mwanamke wa maneno makavu ambaye sikumwona hata siku moja akibembeleza mtu. "Harusini mnagombania sare," alisema. "Hata asiyekuwa na udugu na bibi harusi, khanga ile ile ataitafuta aivae, asije akaonekana yuko peke yake. Leo mnaona haya? Mimi nishasuka kipande changu. Wakinisema, watanisema. Kifo cha wengi harusi."

Baadhi walichukua ukindu wao wakaondoka, na miongoni mwao walikuwamo jamaa za Bi Mkubwa mwenyewe. Yule aliyeuliza alibaki. Alinung'unika mchana kutwa, lakini alisuka.

Mateso yakahamia kwangu. Ukili wa mikono mingi haulingani: huu mpana, ule mwembamba, huu umekaza mpaka sindano inakatika, ule umelegea kama nguo iliyofuliwa sana. Niliwatukana wote, hai na maiti. Mbunifu aliukunja mchoro wake wa kwanza, aliokuwa akiupenda, akachora mwengine wenye mishono iliyojitokeza kwa nyuzi za rangi, kila kipande kionekane kimeungwa na jirani yake. Nakiri ulikuwa mzuri kuliko wa mwanzo. Siku ya maonyesho nilimwona mama mdogo anaugeuzageuza mkoba mmoja, anakunja uso. "Hapa huyu, hapa yule... ah, mmeniharibia," alisema, akaurudisha mezani.

Baada ya maonyesho nilikwenda Matemwe kuagiza ukili mwengine, nikamchukulia mjane mkoba mmoja kama zawadi. Yeye alikuwa jikoni. Bibi, mavyaa wake, alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshika nini hicho? Nnasikia harufu ya ukindu. Lete."

Ningesema nini? Nikampa. Vidole vyake, kutetemeka kote kule, vilipogusa ukili vilitulia. Alianza juu, akashuka kipande kwa kipande.

"Mnashona vibaya mjini," alisema. "Huyu mvivu. Huyu simjui. Huyu kafunzwa Mkokotoni." Akasita. Kidole kikaenda ukingoni, kikarudi. "Huyu wewe."

Hakuwa akisema na mimi. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali na mchuzi wa papa.

"Mkono huu nimeufunza mimi," bibi alisema. "Na redio wameitangaza mikoba hii. Wamesema wanaosuka, wengine wanao, wengine hawana."

"Mama..."

"Sikukuuliza."

Nilitamani ardhi inimeze. Kazi yetu yote ile, mishono, lebo, ugomvi wa Mkokotoni, na kumbe yule tuliyekuwa tukimficha hakuwa na haja ya macho. Bibi aliuweka mkoba ubavuni mwake, akajisogeza, akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Wali unapoa," alisema, akafungua kinywa.

Mjane alipiga magoti mbele yake. Sasa mkono uliokuwa ukitetemeka ulikuwa wake. Tonge la kwanza lilimwagika lote juu ya khanga ya bibi, na bibi akabaki vile vile, kinywa wazi, anangoja la pili.