Wakwe Walipoingia Sebuleni Kwangu Wakanipa Pole

Mwenye ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu, maana Ikwiriri ni ndogo na watu wake hawana kazi nyingi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu ananunua ufuta kwa wakulima na kuupeleka Dar es Salaam. Tuna mtoto mmoja tu wa kike, nimwite Zaituni, na ndiye anayenikosesha usingizi.

Nianze na nyumba yangu, kwa sababu ugomvi wote umetokea humo. Kuta nimezipaka chokaa nyeupe. Sakafu ni ya saruji nyekundu, naisugua mwenyewe mpaka inang'aa. Sebuleni kuna benchi moja refu la mti wa mkongo, pazia jeupe la marekani, na mikeka ya ukindu aliyoisuka mama yangu kule Ruaruke kabla macho yake hayajaharibika. Basi. Hakuna kingine, na hakihitajiki kingine. Jua la asubuhi likiingia mle, hata mtu mwenye makelele hushusha sauti.

Lakini tangu ruksa ya biashara iingie, watu wetu wamepata wazimu. Hawa hawa tuliopanga nao foleni ya sabuni, leo mtu akiuza magunia kumi ya ufuta anarudi na lori la takataka kutoka mjini. Maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Zulia la picha ya simba, ukutani! Makochi mekundu ya manyoya ambayo hayavuliwi nailoni yake, ukiyakalia kwa joto letu hili unainuka ukibanduka kama plasta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana friji sebuleni. Umeme haujafika kwake, na hajui utafika lini. Nilifungua siku moja nikakuta amepanga khanga. Huyo ndiye anayenifundisha mimi mapambo.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Rajabu wakwe walikuja kuleta posa. Nilitaka wanawake wakae pamoja chini kwa heshima, wasitengane wa benchi na wa mkeka. Nikalitoa benchi barazani wakae wanaume, nikatandika mikeka yote ukuta hadi ukuta. Ilipendeza, wallahi. Mimi mzaliwa wa huku huku, na nilivyoshughulika na uzuri sikukumbuka ni nyumba gani kwetu hutolewa viti nje ikatandikwa mikeka mitupu.

Shangazi wa kijana ndiye aliyetangulia. Alifika mlangoni, akatazama ndani, akajitanda khanga kichwani.

"Inna lillahi," akasema. "Poleni, jamani. Katangulia nani?"

Mwenzake wa nyuma, bila hata kuuliza, akaanza kulia.

"Hajafa mtu, bibi," nikamwambia. "Karibuni."

"Hajafa mtu! Sasa mbona mmetoa makochi?"

"Hatujatoa. Hatuna."

Wakakaa. Posa ikapokewa, lakini chai waliinywa kama dawa ya daktari. Yule aliyelia aliona haya mpaka wakaondoka. Kabla ya magharibi wifi alishafika, anahema.

"Wifi! Mwalimu mzima, una mshahara wa serikali, kaka yangu ana ufuta wake, wageni unawakalisha chini kama wafiwa? Mtu anakuja kuoa anafikiri kaja kuzika!"

"Afadhali wafikiri msiba kuliko wafikiri gulio," nikamjibu.

Akamgeukia mume wangu. "Kaka, nitawaletea makochi yangu mpaka ndoa ipite. Mkeo akikataa, basi mtoto aolewe kwangu. Nyumba yangu inajulikana."

Mume wangu ni mtu mpole. Akaniambia, "Mama Zaituni, ni wiki moja tu. Yatarudi." Nikamwambia makochi yale yakiingia mlango huu, mimi natoka.

Kesho yake Zaituni alinifuata jikoni.

"Mama, mimi sebule yetu naipenda. Lakini kwa wale watu nitaishi mimi. Kila nikiteleza wataniambia ndiyo yule wa nyumba ya msiba. Niachie siku hiyo moja."

Hapo ndipo nilipokosea, na sioni aibu kulisema. Nilimwona wifi katika uso wake, lile umbo la pua na ile kiu ya kusifiwa na watu. Nikamwambia, "Kama unataka kuolewa dukani, nenda kwa shangazi yako. Huko utafanana na vitu vyake."

Hakulia. Alisema, "Haya, mama," akafunga nguo zake. Huu ni mwezi wa pili yuko huko. Ndoa ni Mfungo Mosi, tukishakula Idd, na sheikh anataka kujua itafungwa nyumba gani. Juzi wifi kanitumia salamu kwamba nisiwe na wasiwasi, shughuli anaiweza, na mimi nimetengewa kiti cha mbele. Nimemzaa mimi, nimwage machozi kwenye nailoni kama mwalikwa!

Msinijibu kwamba makochi ni makochi tu, hayo mkawaambie wanaoyauza. Wala msiniambie mimi mkaidi, hilo nalijua kabla yenu. Ninachouliza ni kimoja. Nikienda kumwomba radhi mwanangu, lazima nikubali na yale makochi, na wifi atalitangaza hilo mpaka Kibiti. Nisipokwenda, ataondoka kwenda kwa mumewe akilibeba lile neno langu la mwisho. Nyinyi mliowahi kumfukuza mtoto kwa hasira, mlimrudisha kwa maneno gani? Nishaurini, nifanye nini kabla mfungo haujaisha?